Chai ya oolong: kuipika, kuionja na kuilinganisha nyumbani Mombasa

Mombasa ni mji wa chai. Magunia ya Kericho, Nandi, Uganda na Rwanda huteremshwa hapa, chai ikaonjwa, ikapigwa mnada, ikapakiwa melini. Karibu yote hiyo ni chai nyeusi iliyokatwakatwa ikawa chembechembe, iliyotengenezwa ili ipikwe na maziwa na bado isikike mdomoni. Oolong hutoka kwenye mmea ule ule, Camellia sinensis, lakini hunyweka kwa sababu nyingine: harufu yake. Watu wa pwani wanaojua kutofautisha asumini iliyochumwa jioni na iliyolala, udi mzuri na udi wa kuchanganya, tayari wana pua ya kuifaidi. Wanachokosa ni utaratibu.

Anayeanza kwa kawaida hukwama mahali pamoja. Hunywa oolong moja leo kwa maji ya mfereji, kijiko kimoja, dakika tatu. Wiki ijayo hunywa nyingine kwa maji ya chupa, kijiko kilichofura, dakika saba. Kisha husema ya pili ni kali. Hajalinganisha chai, amelinganisha mapishi mawili. Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni namna ya kuyafunga mambo mengine yote yasibadilike, ili kinachobaki kikombeni kiwe ni tofauti ya majani tu.

Oolong hutengenezwaje

Jani likishachumwa huanikwa juani kwa muda, kisha huingizwa ndani na kurushwarushwa kwenye ungo ili kingo zake zichubuke. Palipochubuka hugusana na hewa na kugeuka kahawia, kama parachichi lililokatwa likaachwa mezani. Chai ya kijani hupashwa moto mapema isigeuke hivyo. Chai nyeusi huachwa igeuke yote. Oolong husimamishwa njiani, pale fundi anaponusa na kuona harufu imefika, kwa kuyapitisha majani kwenye chuma cha moto. Baada ya hapo husokotwa, hukaushwa, na baadhi huokwa tena, mara nyingine kwa makaa ya kuni kwa saa nyingi.

Basi kuna mambo mawili ya kushika: jani limegeuka kiasi gani, na limeokwa kiasi gani. Mengine, yaani aina ya mti, mlima, msimu na umbo la jani, huja juu ya hayo mawili.

Hatua ya kwanza: chagua tatu

Usianze na aina kumi. Tatu, au hata mbili, zinatosha, na ziwe zimetofautiana kwa jambo moja unalotaka kujifunza.

Ukitaka kuona kugeuka kwa jani, panga hivi: Baozhong ya Wenshan, Taiwan, ambayo imegeuka kidogo sana na majani yake ni marefu yaliyopindwa, Dong Ding ya wilaya ya Nantou, iliyo katikati na kusokotwa kuwa vidonge, kisha Oriental Beauty ya upande wa Hsinchu na Miaoli, iliyogeuka zaidi ya nusu. Hii ya mwisho ina kisa chake shambani. Mdudu mdogo wa kijani hufyonza majani machanga, mti nao hujibu kwa kutengeneza kemikali zenye harufu ya asali na matunda. Ndiyo sababu mkulima wake hawezi kupiga dawa ya wadudu msimu ule: akimfukuza mdudu, ameifukuza na harufu.

Ukitaka kuona kazi ya moto peke yake, tafuta Tieguanyin ya Anxi, kusini mwa jimbo la Fujian, China, za namna mbili: ile ya kijani isiyookwa na ile iliyookwa sana. Jina moja, mti mmoja, na bado utaapa kuwa ni vitu viwili visivyojuana. Kwa anayeanza, hili ndilo zoezi lenye faida kuliko yote, maana watu wengi husema "sipendi oolong" kumbe wameonja upande mmoja tu wa moto.

Na ukitaka kuona mahali, linganisha Shui Xian ya milima ya Wuyi, kaskazini mwa Fujian, na Dan Cong ya mlima Fenghuang, Guangdong. Zote mbili ni za majani marefu yaliyosokotwa, zote huokwa, lakini ya Wuyi huwa nzito yenye ladha ya jiwe na kuni, na ya Fenghuang hupaa kwa harufu ya maua au matunda.

Marikiti utapata iliki, mdalasini na karafuu za kila daraja, lakini oolong ya majani mazima kwa kawaida huagizwa au hununuliwa kwenye maduka ya bidhaa za Kichina. Baadhi ya watengenezaji wadogo wa milimani hapa Kenya nao huitengeneza, na inafaa kuiweka kwenye safu moja na za Taiwan bila kuipendelea wala kuionea. Nunua gramu 25 hadi 50 za kila moja. Epuka vifuko vya kuchovya: vingi huwa na vumbi la majani, na vumbi hutoa ukakasi wake wote kwa mara moja.

Hatua ya pili: maji

Hapa Mombasa ndipo chai nyingi nzuri hufia. Maji ya kisima sehemu nyingi za kisiwani na kandokando yake yana chumvi, na hata kama ulimi umezoea, oolong haijazoea. Chumvi huzima utamu wa chai na kuacha ladha bapa. Maji magumu, yenye chokaa nyingi, huharibu kwa njia nyingine: hufanya maji ya chai yawe mazito rangi, hupunguza harufu, na huacha utando unaong'aa juu ya kikombe kinapopoa. Tazama ndani ya birika lako. Likiwa na magamba meupe, hayo ndiyo unayoyanywa.

Fanya hivi. Nunua maji ya chupa ya aina mbili tatu na usome lebo, mahali palipoandikwa jumla ya madini. Yanayofaa ni kati ya miligramu 50 na 150 hivi kwa lita. Maji ya kuchota kwenye vibanda vya maji yaliyosafishwa kwa mashine mara nyingi huwa na madini machache sana. Chai yake hutoka safi lakini nyembamba. Ukiyachanganya na maji ya chupa yenye madini ya wastani, nusu kwa nusu, mara nyingi hutengemaa. Ukishapata mchanganyiko unaokufaa, usiubadilishe. Kila chai utakayoilinganisha ipikwe kwa maji hayo hayo.

Birika lisafishwe kabla ya kuanza: tia maji hadi nusu na vikombe viwili vya siki nyeupe, chemsha, acha dakika 20, mwaga, kisha chemsha maji matupu mara mbili na kuyamwaga. Birika lililowahi kupikiwa chai ya tangawizi na iliki ndani yake halifai kabisa kwa kazi hii. Tumia jingine.

Jambo moja linatufaa sisi wa pwani. Tuko usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwa nyuzi 100 kamili. Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, huchemka karibu na nyuzi 94. Oolong za vidonge na za Wuyi hutaka maji ya moto hasa ili zifunguke, na hapa unayapata bila kuhangaika.

Hatua ya tatu: vyombo

Mizani ndogo ya kupima desimali ya gramu, ya aina wanayotumia masonara, ndicho chombo pekee kinachostahili kununuliwa. Kijiko kinadanganya vibaya: kijiko kimoja cha chai cha oolong ya vidonge kinaweza kufika gramu 3, na kijiko hicho hicho cha Baozhong kikawa na gramu 1 tu. Anayepima kwa kijiko amempa mmoja chai mara tatu ya mwenzake kabla hata maji hayajachemka.

Mizani hiyo hiyo hupima maji. Gramu 150 za maji ni mililita 150. Weka kikombe, rudisha mizani sufuri, mimina.

Vingine vipo nyumbani. Vikombe vitatu vinavyofanana, vyeupe ndani, vyenye visahani vya kufunikia. Machujio madogo matatu, au moja linalosuuzwa haraka. Na finjani za kahawa, hizi hizi zisizo na mkono zinazouziwa kahawa chungu barazani: ni nyeupe, ni ndogo, midomo yake imepanuka kidogo, na joto lake hushuka upesi hadi kiwango cha kuonja. Kwa oolong hakuna kikombe bora, na ziko kila mtaa. Hakikisha tu hazina harufu ya kahawa; zichemshe kwa dakika 10 kama zimewahi kutumika. Simu itahesabu muda.

Bakuli la kifuniko la Kichina, gaiwan, ni zuri kwa kunywa kila siku lakini si lazima. Ukilinunua, chukua la mililita 100 hadi 120, la kaure nyembamba, lenye ukingo uliopinda nje. Ukingo ulionyooka huchoma vidole.

Hatua ya nne: kikao cha kulinganisha

Zima feni. Si kwa starehe: feni hupeperusha harufu kabla haijakufikia na hupoza kikombe kilichoko upande wake kuliko vingine. Siku hiyo usifukize udi wala ubani ndani, na asiwepo anayekaanga vitunguu. Saa moja kabla usile pilipili, usitafune tambuu, usipige mswaki kwa dawa ya minti.

Pima gramu 3 za kila chai. Chemsha maji. Pasha vikombe kwa maji ya moto, yamwage, kisha tia majani kwenye kikombe kilicho moto na kikavu, ukifunike kwa kisahani sekunde 10. Funua, nusa. Hapa ndipo harufu ya jani kavu hujionyesha, na hapa ndipo chai iliyolala hugunduliwa: harufu ya karatasi au kabati, hata kama paketi ilikuwa imefungwa.

Mimina mililita 150 za maji yanayochemka kwenye kila kikombe, ukiachana kwa sekunde 30 kati ya kimoja na kingine ili upate nafasi ya kuvichuja kwa mpangilio ule ule. Funika. Subiri dakika 5 kwa majani marefu, 6 kwa vidonge. Vipimo hivi vya gramu 3 kwa mililita 150 ndivyo wanavyotumia waonjaji wa Taiwan. Ni mapishi makali kuliko ya kunywa, na ukali huo ni wa makusudi: chai isiyo na kasoro huustahimili, yenye kasoro hufichuka. Ukiona ni kali mno kwa tumbo lako, shuka hadi gramu 2, lakini shuka kwa zote tatu.

Chuja hadi tone la mwisho. Maji yakibaki kidogo kwenye majani, kikombe hicho kitakuwa kimepikwa zaidi, na tone la mwisho ndilo lililokolea kuliko yote.

Sasa nusa kisahani upande wa chini kikiwa moto. Kisha majani yaliyolowa. Kisha subiri. Usionje chai inayofuka. Ulimi uliobabuka hausemi kweli. Ikifika nyuzi 50 na kitu, yaani finjani inashikika vizuri kwa vidole vyote, vuta kwa sauti kama wanavyofanya waonjaji wa mnada: maji na hewa viingie pamoja, vitawanyike mdomoni, harufu ipande nyuma ya pua. Anayeona haya kuvuta kwa sauti atapata nusu ya ladha. Anza na iliyo nyepesi, malizia na iliyookwa, suuza kinywa kwa maji matupu kati ya moja na nyingine.

Zungukia tena zote tatu zikiwa zimepoa kabisa. Huu ni mzunguko ambao wengi huuruka na ndio unaosema zaidi. Oolong nzuri ikipoa hubaki na utamu, harufu yake hata hushuka taratibu na kuwa wazi zaidi. Iliyotengenezwa ovyo ikipoa hutoa uchungu au ladha ya majani mabichi. Mwisho nusa finjani tupu iliyokauka. Dan Cong na Oriental Beauty huacha harufu kwenye kaure kwa dakika kadhaa.

Kuandika unachokionja

Daftari la kawaida, ukurasa mmoja kwa kikao: tarehe, maji gani, gramu ngapi, muda gani, kisha maneno machache kwa kila chai. Tenganisha uchungu na ukakasi. Uchungu ni wa ulimi. Ukakasi ni ule ukavu unaokunja fizi na mashavu, kama ganda la bibo. Chai inaweza kuwa na mmoja bila mwingine. Kidogo cha ukakasi kinachogeuka kuwa utamu kooni ni sifa. Kinachobaki mdomoni dakika tano ni kasoro au ni mapishi.

Kwa harufu usiazime maneno ya lebo. Tumia unayoyajua. Tieguanyin ya kijani huelekea kwenye maua meupe, na wengi hapa husema asumini au kilua. Alishan na chai nyingine za milima mirefu ya Taiwan, zilimwazo juu ya mita 1,000, huwa na malai na maua. Dong Ding iliyookwa kiasi huleta korosho za kukaanga na mahindi ya kuchoma. Rou Gui ya Wuyi hukaribia gome la mdalasini, halafu nyuma yake kuna makaa. Dan Cong ya aina ya Mi Lan Xiang ni asali na embe iliyoiva. Oriental Beauty ni asali, zabibu kavu, wakati mwingine waridi. Ukibishana na mwenzio, leta kitu chenyewe: ua, kipande cha mdalasini, korosho. Kinuse baada ya chai na si kabla, maana viungo hushika pua.

Kujaribu kama unaiona tofauti kweli

Jina na bei huonja kabla ya ulimi. Bandika jina la kila chai chini ya kikombe kwa selotepu, mwombe mtu wa nyumbani avichanganye, kisha uonje na kuandika bila kutazama.

Kuna jaribio kali zaidi. Pika vikombe viwili vya chai moja na kimoja cha nyingine, vikachanganywa, nawe utafute kilicho peke yake. Kwa kubahatisha tu utapata mara moja katika tatu, kwa hiyo rudia siku nyingine mara nne au tano kabla ya kujiamini. Ni jaribio zuri hasa kabla ya kulipa mara mbili kwa ajili ya "daraja la juu". Ukishindwa kukipata mara nyingi kuliko kwa kubahatisha, nunua ya bei nafuu kwa amani.

Kusoma majani yaliyokwisha

Yamwage kwenye sahani nyeupe, yatandaze kwa maji baridi. Oolong ya vidonge ya Taiwan iliyochumwa kwa mkono hufunguka kuwa vichipukizi vizima: kikonyo chenye majani mawili matatu. Dong Ding huonyesha wekundu kwenye kingo, na hiyo ndiyo alama ya kurushwarushwa. Tieguanyin ya kijani mara nyingi ina kingo zilizochanika. Usiiseme vibaya kwa hilo, kwani kule Anxi watengenezaji wengi huondoa kingo nyekundu makusudi ili maji yatoke ya kijani angavu. Chai iliyookwa ambayo vidonge vyake havijafunguka hata baada ya kutiwa maji mara ya nne imeungua. Itatoa ladha ya makaa na hakuna kitu nyuma yake.

Kunywa kila siku

Kulinganisha ni kwa siku ya nafasi. Asubuhi ya kazi, gramu 3 kwenye kikombe cha mililita 250, maji yanayochemka, dakika 3 hadi 4, chuja. Majani hayo hayo yatakubali maji ya pili kwa dakika 5. Baozhong na Oriental Beauty zinataka maji yaliyotulia kidogo, nyuzi 85 hadi 90: yamimine kwanza kwenye chombo kingine kilicho baridi, subiri dakika mbili, ndipo uyatie kwenye majani.

Ukiwa na gaiwan na wageni wawili, tumia gramu 5 kwa mililita 100. Vidonge: maji ya kwanza sekunde 30 hadi 40, kwa sababu havijafunguka, ya pili sekunde 15, kisha ongeza sekunde 10 kila mara. Majani marefu ya Wuyi: anza na sekunde 10. Dan Cong: anza na 5, maana huuma upesi, na ukichelewa sekunde 20 umepata uchungu ambao haurudi nyuma. Chai nzuri hutoa maji matano hadi saba. Usiipeleke kwenye chupa ya chai ikakae saa tatu. Joto lisilokatika hupika harufu yote ikaisha, ikabaki rangi.

Vitafunio: mahamri yaende na Dong Ding, tende na Wuyi iliyookwa. Halua ina iliki na sukari ya kutosha kuimeza oolong yoyote ya kijani, lakini Tieguanyin iliyookwa sana husimama nayo. Mwezi wa Ramadhani iwe baada ya futari na chakula, si ya kufungulia, kwani oolong kali kwenye tumbo tupu huwatia wengine kichefuchefu. Ina kafeini, kwa hiyo asiyepata usingizi aache alasiri. Na mwenye upungufu wa damu anywe saa moja mbali na chakula, maana chai huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri.

Wakati wa joto la kaskazi, ipike kwa baridi: gramu 8 kwa lita moja ya maji, friji, saa 6 hadi 8, chuja. Za kijani na Oriental Beauty ndizo bora. Haitoki uchungu karibu kamwe. Maji yawe ya chupa au yaliyochemshwa yakapozwa, kwa sababu hakuna moto wa kuua vijidudu hapa, na chai iishe ndani ya siku moja.

Kuhifadhi hewa ya pwani isiifikie

Jani kavu hunywa unyevu na harufu. Mombasa ina vyote viwili. Paketi iliyofunguliwa na kukunjwa tu, ikiwekwa kabati moja na bizari na karafuu, msimu wa masika itaharibika kwa wiki chache.

Siku unayofungua paketi kubwa, igawe mara moja kwenye vifuko vya foili vya gramu 10 hadi 15, toa hewa, funga kwa pasi ya moto au zipu nzito, na uviweke vyote kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, chumbani, mbali na jiko na dirisha la jua. Fungua kifuko kimoja kwa wakati mmoja. Friji haifai kwa kifuko kilichofunguliwa: kila ukikitoa, mvuke wa hewa hugeuka maji juu ya majani. Kwa vifuko vilivyofungwa kabisa vya oolong ya kijani, friza inasaidia, ilimradi kifuko kikitolewa kikae nje usiku kucha kabla ya kufunguliwa.

Kujua kama imeshika unyevu, vunja kikonyo cha jani. Kikikatika kwa mlio ni kikavu. Kikipinda, kimenyweshwa. Kama hakuna harufu ya ukungu, unaweza kuikausha upya: ovena nyuzi 90 hadi 100, dakika 15 hadi 20, au sufuria nzito kavu juu ya moto mdogo kabisa ukigeuza kwa mkono, mkono ukishindwa kuvumilia, moto umezidi. Iache ipoe kabisa kabla ya kuifunga, la sivyo itatoa jasho kifukoni. Penye ukungu usijaribu kuokoa, tupa.

Za kijani zinywe ndani ya mwaka, na kifuko kilichofunguliwa kiishe ndani ya wiki mbili tatu. Zilizookwa hukaa zaidi, na iliyotoka ovenini karibuni huwa na ukali wa moto unaotulia baada ya miezi kadhaa.

Kununua tena

Mambo mawili hulaghai sana wanunuzi. La kwanza ni oolong ya maziwa. Jin Xuan, mti uliotolewa Taiwan mwaka 1981, ina ulaini wa malai kwa asili, lakini ni mdogo. Paketi ikinukia peremende ya maziwa kabla hujaitia maji, na maji ya tatu yakatoka matupu, imetiwa manukato. La pili ni Da Hong Pao ya "miti mama". Miti ile michache ya jabalini Wuyi haijachumwa tangu 2006. Inayouzwa ni mchanganyiko wa miti mingine ya Wuyi, na inaweza kuwa nzuri sana, lakini isiuzwe kwa bei ya hadithi.

Bei ipimwe kwa finjani. Tuseme gramu 50 ni shilingi 1,500: gramu 5 ni shilingi 150, na zikitoa maji sita ya mililita 100, kila maji, yaani finjani mbili, ni shilingi 25. Iliyo nusu bei lakini huishiwa maji ya pili ni ghali zaidi. Jani lililolimwa Vietnam na kaskazini mwa Thailand kutoka kwenye miti ya Kitaiwani ni la bei nafuu na zuri kwa kila siku. Kosa ni muuzaji kuliita la Taiwan.

Muulize muuzaji mavuno ya msimu gani na mwaka gani, na kama imeokwa. Asiyejua hilo la pili hajaionja. Ukipata unayoipenda, chukua gramu 100 au 150 za mavuno yale yale, kisha weka kando kifuko kimoja cha gramu 6 kikiwa kimefungwa: mavuno mapya yakija, kitakuwa kikombe cha pembeni cha kuyapimia, gramu 3 kwa 3, maji yale yale.